Mchinjaji na Panya Weupe

Ng'ombe wa harusi ya binamu yangu aliinuka na shingo iliyokatwa nusu, akakimbilia kwenye muhogo.

Sikuwahi kuona jambo kama lile, na mimi ni mtoto wa mchinjaji. Baba alichinja tangu kabla sijazaliwa. Kijiji chote cha Ole, kule Pemba, mpaka upande wa Wete, mwenye harusi, hitima au akika ya mtoto alikuja kumwita yeye. Alikuwa na sheria zake na hakukubali zivunjwe: kisu hakinolewi mbele ya mnyama, mnyama hachinjwi mwenzake akiona, na kisu kikishashuka hakiinuliwi mpaka kazi imekwisha. Wanyama aliwafanyia adabu. Watu hakuwafanyia.

Aliyelijua hilo kuliko sote ni kaka yangu. Ndiye aliyeshika miguu ya ng'ombe tangu mdogo. Siku ya kwanza alipozimia kwa kuona damu, baba alimmwagia ndoo ya maji yale yale yaliyooshewa utumbo, na kisa hicho akawa anakisimulia barazani miaka yote, kaka mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo, mtu mzima mwenye ndevu. Siku nyingine mbuzi wa watu alikata kamba akapotea, na baba akamfunga kaka kwenye mkarafuu tangu adhuhuri mpaka magharibi, siafu wakimpanda miguuni. Mama, alipokuwa hai, alimpelekea maji, akapigwa na yeye. Mimi nilikuwa mtoto wa kike, nikasoma, nikaondoka. Kaka alibaki.

Harusi ile ilinikuta nimekuja likizo. Ilikuwa asubuhi, masufuria yameshatiwa maji, wanawake wanamenya vitunguu. Wanaume walimlaza ng'ombe, kaka akashika kamba ya miguu, baba akachuchumaa, akasema bismillahi, akashusha kisu. Nikauona mkono. Ulishuka ukitetemeka kama sindano ya cherehani. Kisu kikapasua ngozi na nyama kidogo, kikaruka pembeni. Ng'ombe akapiga teke, kamba ikamponyoka kaka, na mnyama akasimama. Damu iliruka mpaka kwenye mchele uliokuwa umeanikwa. Vijana walimkimbiza shambani na mapanga, wakampiga popote panga lilipofika, mgongoni, machoni, mpaka akaanguka. Shehe alipoitwa aliangalia mara moja tu, akasema: "Hii msile. Fukieni." Watu walikula wali mtupu siku ile.

Baba alikwenda moja kwa moja alipo kaka, akampiga mdomoni na mpini wa kisu.

"Hukukinoa!"

Kaka alitema damu. Kisu kilikuwa kikali. Nilikiokota mimi, nikakijaribu kwenye unywele wa mkono, unywele ukakatika.

Alasiri nilimkuta baba amekaa peke yake barazani. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya paja, na kidole gumba kinasugua kidole cha shahada, kinasugua, kama mtu anayevuta tasbihi isiyokuwapo. Alikuwa hajui kama anafanya vile. Mimi nilijua. Kidole kile nilikuwa nalipwa mshahara kwa sababu yake.

"Baba, mkono huo ni ugonjwa," nilimwambia. "Unatoka kichwani."

"Kichwani mwako weye. Miye mzima."

"Unaitwa Parkinson."

"Hilo jina la panya wako. Usiniletee miye."

Wiki ile ile nikarudi kazini.

Kazi yangu, kwenye chuo kimoja katika nchi ya baridi, ilikuwa kuwatia panya ugonjwa huo huo. Nieleze kwa ufupi, maana watu wengi hawajui vinavyokwenda. Ndani kabisa ya ubongo, chini, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Chembe za hapo hutengeneza maji fulani na kuyapeleka mbele, sehemu inayoamua mwili uende au utulie. Huko mbele kuna njia mbili. Moja inasema nenda, nyingine inasema simama, na maji yale ndiyo yanayozipatanisha. Chembe nyeusi zikifa, maji yakikauka, njia ya kusimama inashinda. Mtu anataka kuinua mguu na mguu hauji. Anataka kucheka na uso haucheki.

Kwa hivyo tulimlaza panya mweupe kwa dawa ya usingizi, tukambana kichwa kwenye chuma asitikisike, tukatoboa tundu dogo kwenye fuvu, na mimi nikashusha sindano nyembamba mpaka kwenye ile sehemu nyeusi. Sumu niliitia upande mmoja tu. Ukimharibia pande zote mbili, hali chakula, hanywi maji, anakufa njaa kabla hujajifunza kitu. Ukimharibia upande mmoja anaishi. Anaishi kwa kupinda. Baada ya wiki chache unampa dawa na kumtia kwenye bakuli la mviringo, na anaanza kuzunguka, kuzunguka upande ule ule, hawezi kuacha, na mashine inahesabu. Akizunguka sana, sumu imefanya kazi vizuri. Tulifurahi. Nakumbuka tulipeana mikono.

Chumba cha pili kulikuwa na vipanya vidogo vilivyotiwa uzi wa kioo kichwani, mwembamba kuliko nywele. Mwanga ukipitishwa kwenye uzi, unaamsha njia moja katika zile mbili, unayoitaka wewe. Ukiwasha ile ya nenda, kipanya kinakimbia. Ukiwasha ile ya simama, kinaganda hapo hapo, mguu mmoja juu. Ukizima, kinashusha mguu na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wageni walipokuja kutembelea maabara walipenda kuoneshwa hicho. Walikuwa wanaomba waoneshwe tena.

Sisemi kazi ile haikuwa na maana. Dawa ya vidonge ambayo wagonjwa wanameza leo imepitia kwa wanyama. Ule waya unaotiwa kichwani kwa wenye uwezo, ukatuliza mtetemeko, madaktari waliijua sehemu ya kuuweka kwa sababu nyani waliharibiwa kwanza. Mkubwa wetu, profesa wa kike, alikuwa mpole, na ukimshika panya kwa mkia mbele yake alikutoa nje. Lakini mwisho wa kila kazi ulikuwa mmoja. Tuliwalaza, tukawapasua kifua, tukapitisha maji ya chumvi mpaka damu yote ikatoka, kisha dawa ya kukausha, kisha nikachukua mkasi na kutoa ubongo, nikaukata vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu. Hakuna panya aliyetoka kwenye mlango ule mzima.

Kaka alinipigia simu mwaka uliofuata.

"Mzee wako ameingiwa," alisema. "Hasemi, hacheki, anatetemeka. Tumempeleka kwa fundi wa majini."

"Fundi kafanya nini?"

"Kombe, maji ya aya, kamnywesha. Ubani. Kasema lile jini limekaa kwenye mkono, mkono ufungwe lisipate nguvu."

"Mmefunga?"

"Njoo umtazame mwenyewe. Mwanawe si weye?"

Nilijibu kwamba mwanawe ni yeye pia, lakini simu ilishakatwa.

Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kumalizika, na nilipata kazi ya maabara ya hospitali Chake Chake. Nikarudi nyumbani moja kwa moja. Nilipofika Ole baba alikuwa amelazwa kwenye chumba cha nyuma, palipokuwa pakiwekwa magunia. Uso wake haukubadilika aliponiona. Nilijua kwa nini haukubadilika, nimeusoma uso ule vitabuni, na bado uliniuma kama vile amekataa kunitambua. Alikuwa amefungwa kwa vitambaa vya shuka ya msuli iliyochanwa, mikono yote miwili na miguu yote miwili, kwenye vyuma vya kitanda. Pale kitambaa kilipokaa palikuwa pamechubuka mpaka wekundu.

"Fundi alisema mkono mmoja," nilimwambia kaka.

"Ndiyo."

"Na huu mwingine? Na miguu?"

"Miguu niliongeza miye," alisema, na hakuinamisha macho.

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Aligeuka, akaondoka nalo.

Nilimfungua baba, nikamsafisha, nikampeleka hospitali. Daktari alimwambia afungue na kufumba vidole, aandike jina lake, atembee mpaka dirishani. Jina lilianza kwa herufi kubwa na kuishia kama mstari wa sisimizi. Daktari alinitazama na mimi nikamtazama. Vidonge havikuwapo Pemba wakati ule. Niliviagizia Unguja, vikaja kwa boti.

Wiki ya kwanza aliona kichefuchefu tu. Wiki ya pili, asubuhi moja, baada ya kumeza, alikaa barazani kama kawaida, kimya, mikono mapajani. Kisha mkono wa kulia ukatulia. Niliuona ukitulia, kama maji yaliyotiwa kwenye chombo. Akainua kichwa. Akasema, kwa sauti niliyoijua tangu utoto, "Nipe kofia yangu."

Nikampa. Akasimama mwenyewe. Akashuka barazani, hatua za kwanza fupi, zilizofuata ndefu, mikono ikipunga kama ya mtu mzima wa afya. Mimi nilikuwa nalia. Miaka yote ile ya sindano na mkasi, na leo nakiona kitu chenyewe, mtu anatembea, na mtu huyo ni babangu. Kaka alikuwa uani anatandika jamvi la karafuu. Alipomwona anakuja alisimama, na nadhani naye alitaka kucheka. Baba akamkaribia, akampiga kofi.

"Hino ya mkono," alisema. Akampiga la pili. "Na hino ya miguu."

Kisha akaenda msikitini kwa miguu yake, na watu wakamkumbatia na kumshukuru Mungu.

Mchana vidonge vilipokuwa na nguvu alipenda kuzungumza, na alipenda kuzungumza nami juu ya kazi yangu. Mwanzo nilidhani ni hamu ya kujua.

"Hao panya," aliniuliza siku moja, "ugonjwa mliwatia wenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Kichwani?"

"Kichwani. Wakiwa wamelala, hawasikii."

"Na wakiamka?"

"Wakiamka wameshakuwa nao."

Alitafuna tambuu polepole. "Kisha mkawapa dawa. Kama yangu hino."

"Kama hiyo. Na nyengine ambazo bado zinajaribiwa."

"Walipona?"

"Walitembea vizuri zaidi."

"N'nauliza walipona."

"Hapana. Tuliwaua wote."

"Wote? Na waliotembea?"

"Hao hasa. Ilikuwa lazima tuone ubongo wao umefanya nini."

"Nyama mkala?"

"Hapana, baba."

Akacheka. Uso haukucheka, lilicheka koo peke yake. "Miye nimechinja maisha yangu yote, watu wakala, watu wakashiba. Weye umetia maradhi, ukaponesha kidogo, ukachinja, hujala." Akatema tambuu kwenye kopo. "Siku ukitaka kuutazama wangu, niambie kabla. Nigeuze uso."

Nilimwambia si kazi ya mchezo, kwamba bila panya wale angekuwa bado kwenye vyuma vya kitanda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alijua ameniumiza, na kwa muda ule uso wake ulikaribia kufanana na uso wa mtu anayefurahi.

Mimi nilifanya kazi Chake na kukaa mtaa wa Tibirinzi, hapo hapo mjini. Ole nilikuwa naenda Alhamisi jioni na kurudi Jumamosi. Vidonge nilimwachia kaka, maana baba alikuwa hawezi kuvitoa kwenye karatasi yake. Nilimweleza saa, nikamweleza visichelewe. Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda. Kisha kila Alhamisi nikawa namkuta baba mgumu kuliko wiki iliyopita. Anaganda mlangoni, vidole vya miguu vinakanyaga kwenye kizingiti na havivuki. Nilichora mistari ya chaki sakafuni, maana jicho likiona mstari mguu hukumbuka, na ikamsaidia siku mbili. Nilimwambia daktari ugonjwa unakwenda mbio, akaongeza dawa. Haikusaidia.

Halafu nikaitwa katikati ya wiki. Baba aliletwa hospitali amekakamaa kama mbao, mwili unawaka, jasho limelowanisha godoro. Ukimkunja kiwiko kilikuja kwa kukwama-kwama. Macho peke yake ndiyo yaliyotembea. Daktari alimpima, akatuuliza sote wawili:

"Dawa ameachishwa?"

"Hapana," nikasema.

Kaka alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. "Nilimpunguzia," alisema.

"Ulimpunguzia vipi?"

"Siku nyengine nampa. Siku nyengine simpi. Wiki hino sikumpa."

Daktari aliandika, akamwita muuguzi. Mimi nilimtoa kaka nje, kwenye ujia, watu wanapita na mashuka na ndoo.

"Unajua ungemuua?"

"Akimeza anatembea," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeeleza njia. "Akitembea ananitukana. Mbele ya mke wangu, mbele ya wanangu. Juzi kamtemea mate mwanangu wa kiume, kamwita mtoto wa mwanamke, kama alivyokuwa akiniita miye. Asipomeza anatulia. Nikimlisha anakula. Nikimwogesha ananiachia. Namshika mkono, hauondoi. Akitembea ni yule yule. Akiganda ndiyo n'na baba."

"Ni mgonjwa."

"Alipokuwa mzima hukumwona? Ulikuwa wapi weye, alipokuwa mzima?"

Nilichokuwa nacho kichwani kilikuwa kitu kingine kabisa. Maabara tulikuwa na siku maalumu za kuwanyima panya dawa. Unawanyima mpaka wagande, unapima wamekaza kiasi gani, kisha unawapa tena, unapima wamelegea kiasi gani. Ndivyo dawa inavyojulikana ina nguvu. Kamati ya chuo ilikuwa imetupa ruhusa kwa maandishi. Kaka yangu alikosa ruhusa tu. Nilimtazama shingoni, mishipa imemtoka, na nikajua kwamba kama angekuwa panya wangu ningeandika: matokeo yameonekana.

Baba alipona homa. Nikamchukua Tibirinzi, na kaka hakukataa wala hakuaga.

Kwangu alimeza kwa saa, na kwa muda tulikuwa na amani. Kisha dawa yenyewe ikaanza kumgeuka, kama inavyogeuka kwa wengi. Kila ilipopanda, mwili ulikuwa unajinyonganyonga, shingo inazunguka, mabega yanapanda na kushuka, mguu unaruka kando. Watoto wa mtaa walijazana dirishani kumtazama. Walimwita mzee wa ngoma, wakampigia makofi ili acheze zaidi. Niliwafukuza, wakarudi na wenzao. Mama mmoja jirani aliniambia nisiwakasirikie, ni watoto, kisha na yeye akasimama akatazama.

Baada ya hapo walikuja ng'ombe.

"Watoe hawa," aliniambia asubuhi moja, mimi namvalisha shati.

"Kina nani, baba?"

"Hawa wanaongoja. Mwenzao yuko hapa ameshachunwa, na wao wanaona. Nani kawaleta humu? Watoe!"

Hakukuwa na kitu chumbani ila kabati na kitanda. Nilimwambia hivyo. Akanitazama kwa chuki niliyokuwa sijaiona hata siku za mama. Walikuwa wanakuja kila siku, wanasimama ukutani, na kila siku yule aliyechunwa alikuwa hajafa. Usiku na mchana aliniita mzembe, aliniita muuaji, alisema mimi ndiye niliyewafungulia. Nilijua ni dawa. Tulishaliona hilo kwenye vitabu, ingawa panya hawezi kukueleza anachokiona. Daktari alisema tupunguze, na tulipopunguza ng'ombe waliondoka na baba akaganda, hawezi kujigeuza kitandani, mate yanamtoka. Tukaongeza, akageuka na ng'ombe wakarudi. Palikuwa hapana kati.

Nikamuuliza mwenyewe, saa aliyokuwa na akili zake. Nilipiga magoti mbele yake ili anione.

"Baba, nikuongezee utembee, au nikupunguzie?"

Maneno yalikuwa yanamtoka kama mtu anayenong'ona ndani ya mtungi.

"Wanatazama," alisema. "Nipunguzie."

Nikampunguzia. Aliishi hivyo miezi kadhaa, kimya, namgeuza mimi, namlisha mimi kwa kijiko, namshika mkono na hauondoi. Kaka alikuja mara mbili. Alikaa pembeni ya kitanda, akampapasa nywele, akamwita baba kwa upole ambao sikujua kama anao. Mimi nilisimama mlangoni na sikuweza kuupenda upole ule. Baba alikuwa anamtazama tu. Alikuwa anasikia kila kitu, ninaapa alikuwa anasikia, na kama alitaka kumtemea mate hakuwa na koo la kutema.

Koo ndilo lililomuua. Uji ulipita njia isiyo yake ukaingia kwenye mapafu, homa ikapanda, na siku ya tatu alasiri pumzi zikakatika huku nimemwinua kifuani pangu.

Tulimzika Ole. Kaka alimwosha yeye na wanaume wawili wa mtaa. Alama za vile vitambaa alivyofungwa zilikuwa bado zipo kwenye vifundo, nyeusi, kama bangili. Wale wawili waliziona, haikuwezekana wasizione, lakini mwosha maiti hasemi alichokiona, na hawakusema.

Matangani watu walikuja kutoka Wete na Chake na mashambani. Mzee mmoja baada ya mwingine alikishika kichwa cha kaka na kumwambia, "Mola akulipe kwa ulivyomtunza mzee wako." Kila mmoja alijibiwa, "Amin." Shehe aliposimama kusema maneno mawili, aliwaambia vijana wamtazame huyu, hakumtupa baba yake katika maradhi, hakuchoka. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nasikia yote. Wifi yangu alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Alinishika goti, akalibana kwa nguvu mpaka hitima ikaisha, na sikujua kama ananifariji au ananizuia.

Siku nilipokuwa natoka Ole, kaka alinifuata uani. Karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini, karibu kukauka.

"Maradhi yale," alisema, "yanarithiwa?"

"Mara nyingi hapana."

"Mara nyingi."

"Ndiyo. Mara nyingi."

"Mtu anajuaje kama yanamjia?"

Ningeweza kumwambia hakuna wa kujua. Nilimwambia nilichokijua. Nilimwambia wengi hupoteza kunusa kwanza, miaka mingi kabla mkono haujaanza.

Akainama, akachota konzi ya karafuu, akaipeleka puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena, macho amefumba, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuinusa karafuu. Kisha akazimwaga jamvini na kuzisawazisha kwa kiganja.

"Zimekauka vizuri?" nilimuuliza.

"Zimekauka," alisema, akaanza kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu.

Mwaka umepita. Huwa namwona Sikukuu, anakuja na watoto wake Tibirinzi kunisalimia, na wifi anapakua pilau. Mazungumzo yetu ni ya bei na mvua. Akinyanyua gilasi ya sharubati mimi hutazama kwengine, nisiuone mkono wake, na yeye anajua kwamba natazama kwengine.